Kujua kifaa kimechomekwa kwenye poti gani ya swichi

Ndugu, umeuliza utaitambuaje poti (tundu la kuchomekea waya) ya swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na printa kwenye mtandao, iliyounganishwa na printa ya ofisi yenu hapo Kariakoo bila kufuata nyaya zilizopita darini. Kwanza ipigie printa ping, yaani ujumbe mfupi wa kuitaka ijibu, kwa anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao), kutoka kwenye kompyuta iliyo katika mtandao huohuo, kisha toa amri ya arp -a ili upate anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Ukifanya hivyo kutoka mtandao mwingine, utakachokiona ni anwani ya MAC ya ruta tu, yaani kifaa kinachounganisha mitandao. Nakusihi usiiruke ping, kwa kuwa swichi za Cisco, katika mpangilio wake wa kawaida, hufuta anwani ya kifaa kilichokaa kimya kwa sekunde 300, hivyo printa iliyolala inaweza kutoonekana kwenye jedwali la swichi linaloonyesha anwani ipi iko poti ipi, ingawa waya wake ni mzima kabisa.

Baada ya hapo ingia kwenye swichi, toa amri ya show mac address-table, na uitafute anwani hiyo. Poti ikionyesha anwani nyingi kwa pamoja, usiichomoe, maana huenda inaelekea swichi nyingine na ukaiangusha ghorofa nzima. Amri ya show lldp neighbors itakutajia jirani huyo, mradi LLDP, yaani utaratibu wa vifaa vya mtandao kujitambulisha kwa majirani zao, imewashwa pande zote mbili, nawe utarudia utafutaji kwenye swichi hiyo. Ukishaipata poti yenyewe, iandikie jina la printa kwa amri ya description.