Anza na kinachokuchosha wewe
Dada, umeuliza kwa nini ratiba ya kujitunza uliyoiga kwa rafiki yako imekushinda ndani ya wiki moja. Ile imeshonwa kwa vipimo vyake. Wewe kwa siku chache andika tu ni saa ngapi unaishiwa nguvu, na nini kilitangulia. Ukikuta tatizo ni usingizi, anzia hapo hapo: mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na akizikosa mengine yote hayashiki. Kisha ongeza jambo moja dogo, hata kutembea dakika 10, ulifanye mara tu baada ya kitu ulichokwisha kukizoea, kama kupiga mswaki. Ukiruka siku, endelea kesho yake. Huzuni ikidumu wiki 2 mfululizo, tafadhali muone daktari.