GPA ya 3.8 ikifika Ujerumani

Wadogo zangu mnaoomba masters Ujerumani, kule ngazi imegeuzwa. 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 umefaulu kwa kuponea, 5.0 umefeli. Ukiandika "GPA 4.5" bila kusema ni kati ya ngapi, anayepitia mafaili mia ataona mtu aliyefeli.

Wao hutumia fomula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa vyuo vya Tanzania vinavyotumia 5.0 juu na 2.0 chini, hesabu inakuwa rahisi ajabu: toa GPA yako kwenye 6. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5, pale inapoanzia Upper Second, anapata 2.5, na hapo ndipo programu nyingi huweka kikomo cha kupokea waombaji.

Wenzetu wa Kenya wanaumia zaidi. First Class yao huanzia asilimia 70, kufaulu 40, ila fomula inahesabu kilele kuwa 100, alama ambayo hakuna anayemaliza nayo digrii. Matokeo yake, First Class ya 70 nayo inatoka 2.5, sawa na 3.5 yetu! Kwangu huo si uungwana, lakini kubishana na kikokotoo hakusaidii. Omba chuo kikuandikie barua ya nafasi yako darasani, uiambatanishe.

Ukiomba Marekani, wanakotumia GPA ya 4.0, usigeuze yako kwa kuzidisha kwa 4 na kugawa kwa 5. B ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina pointi 3 kati ya 5, kwa njia hiyo inashuka hadi 2.4, wakati B ya Mmarekani ni 3.0. Ndiyo maana taasisi za kutathmini vyeti vya nje hupitia somo moja moja.

Kwenye CV acha alama ilivyo: "3.8/5.0, Upper Second". Hakikisha transkripti ina ule ukurasa wa maelezo ya madaraja. Ukikosekana, rudi kwa msajili kabla hujaskani. Na kama programu ya Ujerumani inadai VPD, yaani hati ya uhakiki wa awali wa vyeti vyako inayotolewa na uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo, ianze mapema, maana huchukua wiki kadhaa na tarehe ya mwisho ya chuo haikusubiri.