Kijiji cha Makumbusho: je, nyumba za kuigiza zinafaa kulipiwa kiingilio?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kupeleka watoto Kijiji cha Makumbusho, pale barabara ya Bagamoyo, ikiwa zile nyumba za asili za makabila zilizojengwa pale "ni za kuigiza tu". Mimi ni fundi jipsamu hapa Dar, nakala ndiyo zinazonipa ugali, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Mkanda wa dari unatoka kwenye kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo. Unapaka mafuta, unamwaga uji wa jipsamu, unatandaza nyuzi za katani, unamwaga tena. Ikiganda inapata joto na kutanuka kidogo sana, ndiyo maana inashika hata mchirizi mwembamba. Kwa ufundi wa namna hii wazungu wa karne ya 19 walinakili majengo. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina kumbi za nakala zilizofunguliwa 1873. Nakala ya Nguzo ya Trajan, ile nguzo ya kale ya Roma iliyochongwa michoro kwenye jiwe, imo humo, imegawanywa vipande viwili kwa sababu ina zaidi ya mita 30 na paa halikuimudu. Lango la kanisa la Santiago de Compostela, Hispania, alilinakili fundi wa jipsamu Domenico Brucciani mwaka 1866. Sasa fikiria: nguzo halisi imeendelea kupigwa na mvua na moshi wa mji, nakala imekaa ndani. Kuna michoro inayosomeka vizuri zaidi kwenye jipsamu kuliko kwenye jiwe lenyewe. Huwezi kuiita hiyo feki.

Kijiji cha Makumbusho ni kazi nyingine kabisa, na kwangu mimi ni ngumu zaidi. Nyumba ya udongo na nyasi haina kalibu. Kila ikichoka lazima ijengwe upya kwa mkono, na anayejenga awe anaijua. Ndiyo maana naheshimu sana waliokianzisha kijiji hiki miaka ya 1960: kinachotunzwa pale ni ujuzi, maana nyasi na fito zenyewe zinaoza.

Tazama tembe la Wagogo. Paa lake ni bapa, fito zimebeba udongo. Dodoma mvua ni chache, linadumu. Lilete pwani, masika yalinyeshee, utaelewa kwa nini Mzaramo alijenga paa la mgongo akaezeka makuti. Hilo watoto hawatalipata kwenye picha ya kitabu. Pale wanatembea hatua chache tu kutoka nyumba moja hadi nyingine wanaliona.

Msonge wa Wahaya ndio ninaoupenda kuliko zote. Nyasi zinashuka hadi chini, huoni ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Ingia, subiri macho yazoee giza, kisha tazama juu uone fito zilivyozungushwa, duara ndani ya duara, zikipungua kuelekea kileleni. Mimi kazi yangu ni dari, na hakuna dari ya jipsamu niliyowahi kupiga inayonituliza vile.

Kasoro moja naiona, na inaniuma: nyumba hizi hazina watu. Kijijini moto wa mafiga ulikuwa ukiwaka, moshi unakausha nyasi na kufukuza wadudu. Nyumba isiyopikiwa mchwa huiwahi. Kwa hiyo ukikuta paa limetoboka usiwalaumu walinzi harakaharaka, matunzo yake ni gharama ya kila mwaka.

Mkuu, nenda kiangazi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kama una mzee wa nyumbani aliyelelewa kwenye nyumba ya namna hizo, mchukue, awaeleze wajukuu mbuzi walilala upande gani na chakula kiliwekwa wapi. Na mkimkuta fundi anakarabati, msalimieni, mwombeni awaonyeshe anavyofunga fito bila msumari. Wengi wao wanafurahi kuulizwa.