Mtoto wa miaka 4 anauma na kupiga wenziwe: michezo iliyonisaidia mimi, Pemba

Assalaam alaykum dada. Nimeusoma uzi wako tangu juzi, ila kila nikishika simu kujibu nakatishwa na kazi. Umesema kijana wako ana miaka 4, kila siku anarudi nasari na lawama, kamuuma mtoto wa watu mkono, ananyang'anya, na akikatazwa anajitupa chini. Mwalimu kasema mkorofi, wifi yako kasema bakora, na humu wengine wamekwambia ngoja, akikua ataacha. Nawe umeuliza suala moja zuri sana: kuna michezo gani ya kumfundisha kukaa na wenziwe?

Mimi nasomesha maandalizi huku Pemba, wilaya ya Micheweni, mwaka wa 11 huu. Watoto kama wako wamepita wengi mikononi mwangu. Nitakwambia niliyoyaona, na nitaanza na nilipokosea.

Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa na kijana wa miaka 5, mtoto wa mvuvi, mwepesi wa mkono. Kila akipiga nilimtoa mchezoni, nikamkalisha kwenye kipande cha mkeka karibu na mlango, uso ukutani, mpaka atulie. Akatulia kweli, nami nikajiona nimeweza. Baada ya kama mwezi, asubuhi moja akaja skuli, akavua ndara zake, akenda moja kwa moja kukaa kwenye ule mkeka. Hajafanya lolote, hata wenziwe hawajafika wote. Nikamuuliza, "Mbona huku, baba?" Akanijibu, "Hapa ndo pangu."

Siku ile nilirudi nyumbani nikalia. Nilikuwa namtoa mtoto mahali pale pale ambapo angejifunza. Kungoja zamu utakujuaje ukiwa peke yako na ukuta? Kumwachia mwenzio chombo utajifunza vipi na mwenzio hayupo?

Kwenye mafunzo tulisomeshwa habari za Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, ambaye mwaka 1933 alitoa mhadhara juu ya mchezo wa mtoto. Hoja yake ni kwamba mtoto akiwa mchezoni hujizuia kuliko anavyoweza nje ya mchezo, kwa sababu mchezo una kanuni, na utamu wenyewe umo katika kuifuata kanuni hiyo. Mwaka 1948 mtafiti wa huko huko, Manuilenko, akachapisha matokeo ya jaribio jepesi: watoto wadogo wakiambiwa tu wasimame bila kutikisika, huchoka upesi, wakifanywa askari walinzi ndani ya mchezo, husimama muda mrefu zaidi. Miguu ni ile ile, lakini sasa mtoto ana sababu yake mwenyewe ya kusimama. Niliposomeshwa hilo nikamkumbuka kijana wangu wa mkekani. Na ujue pia kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kujizuia inaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka 20. Wa miaka 4 kushindwa kujizuia si kasoro, ndio umri wake.

Sasa michezo. Nitakaa zaidi kwenye 3 ambayo naiamini.

Wa kwanza ni mchezo wa ng'ombe. Wa wakubwa unaujua: ng'ombe kafungwa kamba, zumari inalia, vijana wanamchokoza kwa nguo, kinamama wanaimba. Watoto wetu wote wanauigiza mitaani, nami nikauingiza kwenye uwanja wa skuli kwa masharti. Ng'ombe ni mmoja. Kanga inafungwa kiunoni, na nasema kiunoni tu, shingoni hapana abadan, na ncha zake zinashikwa na watoto wawili walio nyuma. Mbele yuko mwengine na kitambaa. Mimi nina ndoo ya plastiki, hiyo ndiyo ngoma. Ngoma ikilia, ng'ombe anapandisha: anakimbia, anakoroma, anapiga miguu chini. Ngoma ikikatika, anapiga magoti papo hapo, anavuta pumzi, na wale wa nyuma wanampapasa mgongo huku wakihesabu mpaka tano. Asiyepiga magoti hatolewi. Anahamia kushika kanga, na wa kanga anakuwa ng'ombe.

Kijana wa mkekani siku ya kwanza ngoma ilikatika na bado akamkumba mwenziwe. Siku ya pili alipiga magoti, lakini kachelewa. Siku ya tatu ilikatika yumo katikati ya mbio. Akajiangusha magotini, vumbi likatimka, macho kayafumba, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyezamia, na wale wawili nyuma yake, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akafumbua macho akanitazama. Mtoto yule tangu azaliwe alikuwa anaambiwa umepiga, umeuma, umevunja. Nikamwambia, "Umejizuia mwenyewe, nimekuona." Ilikuwa kweli, na alijua kuwa ni kweli.

Wiki iliyofuata waligombea mpira, mkono wake ukainuka, na kibinti kimoja kikapiga kelele, "Ngoma imekatika!" Akapiga magoti pale pale. Sikuwafundisha hilo, walilitoa mchezoni wenyewe.

Wa pili ni kupikapika. Huu hauhitaji senti: vifuu vya nazi, mchanga, majani ya mpera, upawa mkongwe. Watu wanauona mchezo wa kupotezea wakati, lakini tazama kabla hawajawasha huo moto wao wa uongo wanajadiliana nini. Nani mama, nani baba, nani mtoto mgonjwa, nani muuza samaki, leo tunapika nini. Hapo mtoto anajifunza kusema anachotaka, kusikia anachotaka mwenziwe, na kukubali nusu yake. Mtu mzima akae karibu asihukumu. Ikibidi kuingia, aingie kama mchezaji.

Nikupe mfano. Upawa ulikuwa mmoja, mabinti wawili wanauvuta, wa tatu keshaanza kulia. Zamani ningeuchukua nikasema wewe kwanza, wewe baadaye, na mmoja angebaki na kinyongo mpaka saa ya kurudi. Siku hiyo nilitoka nje ya duara lao nikabisha, "Hodi! Hodi wenyewe! Mgeni nimetoka Unguja, boti imenishusha Mkoani, njaa inaniuma. Nani anapika hapa, na nani anapakua?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mimi napika." Wa pili akaunyakua upawa, "Mimi napakua!" Na yule aliyekuwa analia akaniletea maji ya kunawa kwenye kifuu. Ugomvi wenyewe sikuugusa.

Na mume wako asije akasema upishi ni mchezo wa wasichana. Huku kwetu masufuria makubwa ya harusini mara nyingi yanapikwa na wanaume. Kijana aingie jikoni kwa raha zake.

Wa tatu ni vifuu vya nyuso. Kifuu kina macho yake ya kuzaliwa, we ongeza mdomo na nyusi kwa makaa. Mimi nilianza na vinne: hasira, huzuni, furaha na woga. Asubuhi tukikaa duara kila mtoto anashika kifuu chake cha siku hiyo. Akitaka kueleza anaeleza, akitaka kunyamaza ananyamaza, hakuna kumhoji. Siku moja binti mmoja alivitazama vyote vinne, akavirudisha chini. Nikamuuliza, "Hupendi hata kimoja?" Akasema, "Cha donge hakipo."

Nikabaki kimya, maana donge ni neno la watu wazima, ule wivu unaokukaa kooni haushuki wala hautoki. Mama yake alikuwa kajifungua siku chache nyuma, na akanieleza baadaye kwamba binti alikuwa akimfinya kichanga usiku. Nikachora kifuu cha tano, mdomo umebana. Alikishika siku 9 mfululizo. Siku ya 10 akachukua cha furaha, akatwambia mtoto kamchekea. Kijana wako, dada, huenda anauma kwa sababu hana hilo neno bado. Mpe maneno yetu yote, tunayo mengi: kununa, kinyongo, uchungu, haya, hamu, kero. Usimwachie "hasira" peke yake ibebe kila kitu.

Michezo mingine nitaitaja kwa haraka. Ukuti ni mzuri kwa mtoto mwenye haya, maana mikono imeshikwa pande zote mbili na hakuna anayemtazama yeye peke yake. Ngano za jioni nazo, paukwa pakawa, ila katikati ya hadithi simama uulize, "Ungekuwa wewe ndiye sungura, ungefanyaje?" na usimsahihishe jibu. Msimu wa karafuu mkalishe jamvini achambue na wewe, karafuu huku, makonyo kule, fungu lake na lako. Anajifunza subira huku anasikiliza mazungumzo ya watu.

Lakini nage kwa umri huu siiungi mkono. Najua tumekua nayo sote. Tatizo ni kwamba anayepigwa mpira anatoka, na anayetoka kwanza kila siku ni yule yule mdogo, mzito wa mbio, ambaye ndiye anayehitaji kucheza kuliko wote. Hapo nitakuwa nimerudi kule kule kwa mkeka wa mlangoni. Kama watoto wanaililia sana, aliyepigwa apewe kazi, ahesabu pointi au aokote mpira, asikae pembeni.

Kwa nyumbani kwako, anza na mtoto mmoja wa jirani, wasizidi wawili. Alasiri, keshalala, keshakula. Dakika 15 zinatosha, muache wakiwa bado wanataka. Siku za mwanzo kila chombo kiwe viwili, kisha kimoja kimoja upunguze. Akiuma, mzuie kwa upole bila kelele, umwendee kwanza aliyeumwa, umtume huyo huyo aliyeuma alete kitambaa na maji, kisha arudi mchezoni siku hiyo hiyo. Mimi silazimishi "samahani". Kuosha jeraha kwa mkono wake kunamfikia zaidi.

Simu ya katuni usiifanye zawadi ya kutulia. Katuni haigombei upawa naye, haina zamu, haimuulizi kitu. Na kwa wazazi wanaonijia na lawama kwamba mtoto hajui kuandika jina, kutwa anacheza: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitupa miaka miwili ya maandalizi kabla ya darasa la kwanza, na vituo vyetu vya maandalizi vya TUTU jina lake kamili ni Tucheze Tujifunze. Kucheza kumetangulia kwenye jina, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Jambo moja la kuangalia mapema: akiitwa kwa nyuma anageuka? Mwaka juzi nilikuwa na mtoto anayesukuma wenziwe kila mara, tukamuona mtukutu, kumbe sikio moja halisikii vizuri. Alikuwa hajui kama mtu anamsemesha, na alipogutushwa akasukuma. Mpeleke hospitali apimwe masikio, haidhuru hata kama hana kitu.

Na mwalimu wake usimwendee kwa ugomvi. Mwenye watoto 30 na zaidi chumba kimoja hawezi kuona kila kitu, nami najua. Muulize kitu kimoja tu: anauma saa ngapi, na dakika moja kabla ya kuuma kulikuwa na nini? Kijana wa mkekani, nilipoanza kuandika kwenye daftari, karibu kila ugomvi wake ulikuwa saa 4 kasoro, kabla ya uji. Baba yake alikuwa anatoka baharini alfajiri, mama anateremka pwani kuchukua samaki, na mtoto anakuja skuli hajanywa hata chai. Tukausogeza uji ukawa saa 3 na nusu.