Lori, baiskeli na neno "sikumwona"

*Nabeba abiria kwa baiskeli hapa Kondele. Foleni ikisimama, kuna ubaya nikipenya kushoto mwa lori nifike mbele?* (Mwanaboda, Kisumu)

Upo, tena mkubwa. Mwezi uliopita nilimwomba dereva mmoja anipandishe kwenye kebini ya lori lililoegeshwa. Mpwa wangu akasimama na baiskeli yake upande wa kushoto, karibu na mlango wa tanboi. Nikatazama vioo vyote: turubai, kipande cha lami, tairi la nyuma. Yeye hayupo. Akasogea mbele ya bampa, nikaona kofia yake tu, na mpwa wangu ni mrefu.

Dereva wetu hukaa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko anakoona kidogo zaidi. Halafu lori refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hupita ndani zaidi, kwenye ukingo uliosimama wewe. Kaa nyuma, mahali unapouona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona, naye hakuoni. Abiria akikuhimiza upenye, ashuke atembee.

*Watoto wangu huenda shule kwa baiskeli. Si bora waendeshe upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja?* (Mama, Njoro)

Hapana, mama. Anayetembea kwa miguu ndiye hutazamana na magari. Baiskeli hukaa kushoto kama vyombo vingine, maana dereva anayeingia barabarani hatarajii kitu kinachotoka upande ule mwingine.

*Lori lilimgonga jirani yetu mchana, barabara imenyooka. Dereva alisema hakumwona. Akashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, akalipa faini, akaenda zake. Uhai wa mtu ndio huo?* (Mwalimu mstaafu, Mumias)

Mwalimu, swali lako limenikaa moyoni. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kifungu cha 49, cha kuendesha bila uangalifu, adhabu yake ni nyepesi mno. Shtaka lipi lisomwe ni uamuzi wa upande wa mashtaka, nao hutegemea faili iliyoandaliwa na polisi.

Mahakama hutaka ithibitishwe kwamba dereva alikosea. Kifo peke yake hakitoshi. Hapo ndipo "sikumwona" hupata nguvu, kwa sababu ambaye angeijibu amezikwa. Mimi naliona neno hilo kuwa mwanzo wa maswali. Jua linawaka, barabara imenyooka, ulikuwa unatazama nini? Alama za breki zilianza kabla ya pale alipogongwa, au baada? Majibu yamo kwenye mchoro wa polisi na kwa watu waliokuwepo. Mara nyingi soko zima hushuhudia, kisha hakuna anayefika kituoni. Nendeni mkaandikishe taarifa siku hiyohiyo.

Na faini haikufunga mlango wa fidia. Kupatikana na hatia ni ushahidi unaoweza kutumika kwenye kesi ya madai.

*Mwenye lori ameleta jeneza na magunia mawili ya mahindi, pamoja na karatasi anayotaka shemeji yangu atie sahihi kabla ya mazishi.* (Ahero)

Asitie. Jeneza lipokeeni, mahindi pokeeni, karatasi ipelekwe kwa wakili. Ikiandikwa "malipo kamili na ya mwisho", sahihi yake inaweza kuwanyima watoto haki yao. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa magari haya, nayo hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja; zaidi ya hapo hudaiwa mwenye gari. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu kifo. Ile ya jinai ni ya Jamhuri, haifutwi na karatasi ya matangani.

Pigeni picha stika ya bima na namba zote mbili. Traila ina namba yake inayoanza na Z, na mwenyewe huenda si mwenye kichwa, yaani lori linaloivuta. Baiskeli nayo msiipeleke kwa fundi. Niliwahi kuona baiskeli ya Black Mamba iliyonyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi wiki ya pili baada ya maziko. Kabla ya hapo madigadi ya nyuma ilikuwa na rangi ya bampa, alama pekee ya kuonyesha marehemu aligongwa kwa nyuma.

*Kaka yangu aliingia chini ya traila ya miwa iliyokwama usiku, haina taa wala matawi barabarani. Wanasema alijigonga mwenyewe, tena baiskeli haikuwa na taa.* (Muhoroni)

Pole sana, ndugu yangu. Kifungu kilekile cha 46 kinamgusa pia anayeacha gari barabarani katika hali ya hatari. Kusimama hakuifanyi traila iwe salama.

Taa ya baiskeli itaulizwa, na mahakama inaweza kumbebesha marehemu sehemu ya lawama. Akibebeshwa asilimia 30, fidia ya shilingi milioni 1 hushuka hadi 700,000. Dai halifi. Kwa sasa ulizeni kituoni kama kuna aliyeripoti kwamba traila imekwama, na OB, kitabu cha matukio cha polisi, inasema ilikuwa saa ngapi.