Kabla hamjatweka tanga, ulizeni maji

Msomaji mmoja wa hapa Tanga ameniandikia kwa uchungu. Yeye na rafiki zake saba walikodi mashua waende kisiwa cha Toten, wakapatana kukutana saa tatu asubuhi, na kufika saa nne walikuwa kwenye tope hadi magotini wakisukuma chombo kisichosogea. Anauliza kama nahodha aliwapunja.

Kosa ni la siku na saa. Walikwenda wakati wa bamvua, yaani maji makubwa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, na kina hupishana kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, wala hayaendi mbali. Kila siku saa hizo husogea mbele dakika 50 hivi.

Basi bamvua itumieni, msiiogope. Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri, chombo kingali kinaelea. Umande, ule upepo wa alfajiri, unavuma kutoka bara, maji yanatoka, vyote viwili vinawasukuma nje. Nahodha akizima mashine na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikapanda, mnasikia maji yakipasuka omoni, mbele ya chombo, na kamba zikilia, basi. Hiyo ndiyo raha mliyoilipia. Zimeni na redio. Mafungu ya mchanga yanaibuka, mnaogelea, mnachoma samaki. Mchana maji yanarudi na upepo wa baharini unawaleta nyumbani. Miezi ya upepo wa kusi, Juni na Julai hasa, geuzeni mapema, maana mchana bahari huchafuka. Na wanaokwenda kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, wakumbuke kuwa pale ni mchanga mtupu, hakuna mti, na bamvua ikijaa mchanga wenyewe hufunikwa. Kivuli mnakibeba, na maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu.

Sasa demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Itazameni kabla ya kung'oa nanga. Isifungwe fundo. Izungushwe mara moja tu kwenye kishikizo chake, mwisho wake ubaki mkononi mwa baharia. Upepo ukipiga ghafla anailegeza, tanga linamwaga upepo, chombo kinasimama. Ikiwa imekazwa, chombo hulala na kuchota maji kabla kisu hakijapatikana. Ndiyo maana nawasihi msirundikane upande wa demani, upepo unakoelekea, kupiga picha: kaeni goshini, upepo unakotokea, na jaketi okozi ziwe zimevaliwa. Zikilaliwa na magunia ya mkaa hazimwokoi mtu.

Mwenye kichefuchefu akae katikati karibu na mlingoti, atazame nchi kavu ya mbali, asiinamie ngama, kule chini maji yanakotuama. Mashua iliyokaa juani siku nyingi itavuja, kwa kuwa mbao zimekauka na pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi za mbao, imelegea. Ilowe majini siku nzima kwanza, na kopo la kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, liwemo.

Nanga itupwe mchangani, mbali na matumbawe, na kamba ipimwe kwa maji yatakayokuja. Mkitia nanga penye mita 2 maji yakiwa yamepwa, alasiri patakuwa na mita 5: toeni kamba mita 20, na mtu mmoja abaki chomboni.