Nani Husimamia Sanaa ya Seneti?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mchoraji hapa Ujiji, Kigoma. Nimesikia kwamba Seneti ya Marekani ina tume yake ya sanaa. Je, wajumbe wake ni wasanii?

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Tume hiyo, iliyoundwa mwaka 1968, ina wajumbe 5, nao wote ni maseneta: kiongozi wa walio wengi, kiongozi wa walio wachache, rais wa muda wa Seneti (seneta anayeongoza vikao makamu wa rais wa nchi asipokuwepo), pamoja na mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni na Utawala na mjumbe mwandamizi wa upande wa pili katika kamati hiyo. Hivyo pande zote mbili husikika, jambo ninaloliona la busara sana, kwa kuwa ukuta wa umma si mali ya chama. Kazi ya kila siku hufanywa na mhifadhi mwenye taaluma ya kutunza kazi za sanaa. Miongoni mwa vinavyotunzwa ni picha ya George Washington iliyochorwa na Rembrandt Peale, ambamo uso unatazama kutoka katika dirisha la mviringo la mawe, na mawe yenyewe ni rangi tupu. Hata hivyo, ningependa tume ya namna hiyo iwe na angalau mchoraji mmoja. Nanyi wachoraji wa Ujiji, ofisi ya umma mkoani kwenu ikitaka kupamba kuta zake, ombeni kushirikishwa kabla uamuzi haujapitishwa.